Rais wa Majimbo au Rais wa Wananchi? Kiini cha Mabishano ya Uchaguzi wa Marekani

Jumanne ya tarehe 17 Desemba 2024, majuma sita baada ya Wamarekani kupiga kura, watu 538, ambao wengi wao hawajulikani hata mitaani kwao, walikutana katika miji mikuu ya majimbo yao, kila kundi kwake. Kila mmoja alipiga kura mbili, moja ya rais na nyingine ya makamu wa rais, kisha kila kundi likatia saini hati sita zinazofanana. Baadhi ya hati hizo zilipelekwa Washington, zikahifadhiwa katika masanduku ya mbao, na tarehe 6 Januari 2025 zikafunguliwa na kusomwa mbele ya mabaraza yote mawili ya Bunge. Kwa mujibu wa Katiba, huo ndio uliokuwa uchaguzi wa rais. Yale ambayo dunia ilikesha ikiyatazama usiku wa tarehe 5 Novemba yalikuwa matokeo ya kuwachagua wajumbe hao, ingawa katika majimbo mengi majina yao hayamo hata kwenye karatasi ya kura.

Msomaji wa Tanzania, aliyezoea neno jimbo kwa maana ya eneo la mbunge, avumilie hapa, kwa kuwa jimbo la Marekani ni dola ndogo ndani ya dola kubwa, lenye katiba yake, bunge lake, gavana wake na sheria zake za uchaguzi. Kila jimbo hupewa wajumbe sawa na idadi ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi ukijumlisha maseneta wake, na maseneta ni wawili kwa kila jimbo, liwe kubwa au dogo. Wabunge ni 435, maseneta ni 100, na mji mkuu wa Washington, ambao si jimbo, ulipewa wajumbe 3 kwa Marekebisho ya 23 ya Katiba mwaka 1961. Jumla ni 538, na anayefikisha 270 ndiye rais. Majimbo 48 pamoja na mji mkuu humkabidhi wajumbe wote mgombea aliyeongoza jimboni, hata akiongoza kwa kura moja. Maine na Nebraska peke yake huwagawa: wawili kwa aliyeongoza jimbo zima, na mmoja mmoja kwa aliyeongoza kila eneo la mbunge.

Kwa utaratibu huu mtu anaweza kupigiwa kura na wananchi wengi zaidi nchini na bado akashindwa. Ilitokea mwaka 1876, ikatokea tena 1888, kisha nchi ikakaa zaidi ya miaka 100 bila kuiona, hadi mwaka 2000 Al Gore alipomzidi George W. Bush kwa kura zipatazo 540,000 nchi nzima lakini akakosa urais kwa kura 537 za Florida. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura zinazokaribia milioni 2.9, naye akashindwa kwa sababu ya kura 78,000 hivi katika Michigan, Wisconsin na Pennsylvania zikiwekwa pamoja.

Hapo ndipo hutolewa maelezo yaliyozoeleka, kwamba kosa ni la majimbo madogo kupewa uzito wasiostahili. Hesabu inayotajwa ni ya kweli. Kwa sensa ya 2020, Wyoming ina watu 577,000 hivi na wajumbe 3, yaani mjumbe mmoja kwa kila watu 192,000, wakati California yenye watu milioni 39.5 ina wajumbe 54, yaani mmoja kwa kila watu 732,000. Kwa kipimo hicho, mkazi wa Wyoming ana uzito unaokaribia mara nne ya ule wa mkazi wa California. Hata hivyo, maelezo haya hayatoshi, na yeyote anaweza kuyapima kwa kalamu na karatasi.

Chukua matokeo ya 2016 kama yalivyotangazwa, kabla ya wajumbe wachache kukiuka ahadi zao: Trump 306, Clinton 232. Sasa ondoa ule uzito wa ziada wa majimbo madogo kwa kulinyang'anya kila jimbo, pamoja na mji mkuu, wajumbe wawili wanaotokana na maseneta. Trump alishinda majimbo 30, kwa hiyo anapoteza wajumbe 60 na kubaki na 246. Clinton alishinda majimbo 20 na mji mkuu, anapoteza 42 na kubaki na 190. Trump bado ni rais, tena kwa nafasi kubwa. Rudia hesabu hiyo kwa mwaka 2000: Bush, aliyekuwa na 271 na majimbo 30, anabaki na 211, na Gore, aliyeshinda wajumbe 267, anabaki na 225. Gore angekuwa rais. Kwa maneno mengine, wale wajumbe wawili wa ziada waliamua mwaka 2000, lakini mwaka 2016 hawakuamua lolote. Kilichoamua mwaka huo ni kanuni nyingine, ya mshindi kuchukua wote, na kanuni hiyo haimo katika Katiba ya Marekani.

Jambo hili huwashangaza hata Wamarekani wenyewe. Katiba inasema tu kwamba kila jimbo litawateua wajumbe wake kwa namna ambayo bunge la jimbo hilo litaagiza. Miaka ya mwanzo kila jimbo lilifanya lilivyoona: kwingine bunge la jimbo liliwateua wajumbe lenyewe, kwingine wananchi waliwachagua kwa maeneo, kwingine kwa jimbo zima. Mwaka 1796 John Adams alimshinda Thomas Jefferson kwa kura 71 dhidi ya 68, na miongoni mwa hizo 71 ilikuwamo kura moja kutoka Virginia, nyumbani kwa Jefferson mwenyewe, na nyingine moja kutoka North Carolina. Kura hizo mbili zingekwenda kwa Jefferson, angeshinda 70 kwa 69. Jefferson hakulisahau somo hilo. Mwanzoni mwa mwaka 1800 alimwandikia James Monroe kwamba kuchagua kwa maeneo kungekuwa bora kama majimbo yote yangefanya hivyo, lakini maadamu mengine yanakusanya kura zao zote upande mmoja, ni upumbavu kwa yaliyobaki kutofanya vivyo hivyo. Virginia ikabadilisha sheria yake mwaka huohuo. Massachusetts, kwa Adams, nayo ikabadilisha ya kwake, bunge lake likajitwalia kazi ya kuwateua wajumbe. Kufikia mwaka 1836 majimbo yote isipokuwa South Carolina yalikuwa yameshaingia katika kanuni ya mshindi kuchukua wote. Hakuna mkutano wa waasisi uliokaa ukaijadili na kuipitisha. Ilienea kwa kuoneana wivu.

Mfumo wenyewe wa wajumbe ulikuwa na mzigo wake tangu kuzaliwa. Katika mkutano wa Philadelphia wa mwaka 1787, ulioandika Katiba, James Wilson wa Pennsylvania alipendekeza rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja. James Madison wa Virginia alikiri kwamba wananchi ndio wanaofaa zaidi kumchagua, ila akaeleza ugumu mmoja: haki ya kupiga kura ilikuwa imeenea zaidi Kaskazini kuliko Kusini, na Kusini isingeweza kuwa na nguvu yoyote kwa hesabu ya watu weusi wake, yaani watumwa wasioruhusiwa kupiga kura. Mfumo wa wajumbe uliondoa ugumu huo, kwa sababu idadi ya wabunge, na kwa hiyo ya wajumbe, ilikokotolewa kwa kuhesabu watumwa watano kama watu watatu. Matokeo yake yanaonekana ukizilinganisha Virginia na Pennsylvania katika sensa ya 1790. Idadi ya watu huru ilikaribiana, Virginia 455,000 hivi na Pennsylvania 430,000 hivi, lakini Virginia ilipata wajumbe 21 na Pennsylvania 15. Tofauti hiyo ilitokana na watumwa 293,000 hivi, waliohesabiwa ili kuwapa nguvu mabwana zao. Katika marais watano wa kwanza, wanne walikuwa wa Virginia. Sisemi kwamba utumwa ndio sababu pekee. Ukubwa wa nchi, ugumu wa mawasiliano na hofu ya majimbo madogo vilikuwapo mezani. Lakini anayeusimulia mfumo huu kama busara tupu ya waasisi anaruka ukurasa.

Turudi kwenye kanuni ya mshindi kuchukua wote, kwa sababu ndiyo inayoyagusa maisha ya mpiga kura wa leo. Tuchukue ndugu wawili waliohamia Marekani kutoka Bukavu au Mombasa wakapata uraia, mmoja akakaa Houston katika Texas, mwingine akakaa Erie katika Pennsylvania. Wanapiga kura siku moja, kwa uraia uleule. Yule wa Erie hugongewa mlango na wapiga kampeni, simu yake hujaa ujumbe, na televisheni yake haipumziki kwa matangazo ya wagombea. Yule wa Houston husikia habari za uchaguzi kama mtu asikiaye mvua ya mtaa wa pili. Texas ina watu mara mbili na zaidi ya Pennsylvania, lakini matokeo yake hujulikana mapema na hakuna mgombea anayepoteza fedha huko. Mwaka 2024 kampeni yote ilikusanyika katika majimbo saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Mengine 43, yakiwamo matatu yenye watu wengi kuliko yote, yaani California, Texas na Florida, yalitazama.

Kwa hiyo mgawanyiko halisi si kati ya majimbo makubwa na madogo, bali kati ya majimbo yenye ushindani na yale yaliyokwisha kuamua. Wyoming, pamoja na uzito wake wote wa hesabu, haitembelewi na mgombea anayetafuta kura, wala Vermont, wala Dakota zote mbili. Mwaka 2020 Trump alipata kura zaidi ya milioni 6 California, nyingi kuliko alizopata Texas, na zote hazikumpa mjumbe hata mmoja. Wafuasi wa Biden zaidi ya milioni 5 wa Texas walikuwa katika hali hiyohiyo. Tena, kwa kuwa idadi ya wajumbe wa jimbo haibadiliki, wapiga kura wote wajitokeze au nusu yao walale nyumbani, jimbo lisilo na ushindani halipati faida yoyote kwa kuwahimiza watu wake wapige kura.

Wanaoutetea mfumo wa majimbo wana hoja kadhaa, nazo hazilingani kwa uzito. Hoja ya kuyalinda majimbo madogo tumeshaiona udhaifu wake. Ile inayosema Marekani ni muungano wa madola na si dola moja ina ukweli wa kisheria, lakini Seneti imekwisha kuyapa majimbo usawa huo, na hakuna gavana wa jimbo lolote anayechaguliwa kwa wajumbe wa wilaya. Hoja ninayoiona nzito kuliko zote ni ya kuzuia ugomvi usisambae. Mwaka 2000 ubishi wa kuhesabu upya kura ulibaki Florida. Kama urais ungeamuliwa kwa jumla ya nchi nzima, na tofauti ikawa ndogo sana, kila kituo kutoka Maine hadi Hawaii kingekuwa mahali pa kutafuta kura zilizopotea, katika nchi isiyo na tume moja ya uchaguzi, ambamo kila jimbo lina daftari lake la wapiga kura, vitambulisho vyake na muda wake wa mwisho wa kupokea kura za posta. Mkenya aliyezoea kusubiri tangazo la IEBC, au Mtanzania anayesubiri tume yake, huenda asiamini kwamba serikali ya Marekani haina chombo cha kumtangaza mshindi usiku ule. Yanayosikika ni makadirio ya vyombo vya habari.

Lakini hoja hiyo nayo ina upande wa pili. Jumla ya nchi nzima mara nyingi huacha nafasi pana, wakati kulikata taifa vipande 51 huongeza uwezekano wa kipande kimoja kuwa na tofauti nyembamba. Mwaka 2020 Biden alimzidi Trump kwa kura milioni 7, tofauti isiyobishaniwa na mwenye kuhesabu. Hata hivyo, kura zipatazo 43,000 tu katika Arizona, Georgia na Wisconsin zingetosha kuleta sare ya 269 kwa 269, na sare huamuliwa na Baraza la Wawakilishi kwa kila jimbo kupewa kura moja, Wyoming sawa na California. Ndiyo maana mwaka ule shinikizo la kubadili matokeo lilielekezwa kwa maofisa wa majimbo machache waliojulikana kwa majina.

Njia ya wazi ya kuondoa haya ni kurekebisha Katiba, na Marekani ilikaribia kuifuata kuliko wengi wanavyokumbuka. Baada ya uchaguzi wa 1968, ambapo George Wallace, mgombea wa tatu nje ya vyama viwili vikubwa, alishinda majimbo matano ya Kusini na kupata wajumbe 46, viongozi wa vyama vyote viwili waliogopa kwamba siku moja mgombea wa tatu angeuza wajumbe wake kwa bei aitakayo. Septemba 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 338 dhidi ya 70 pendekezo la kumchagua rais kwa kura za wananchi, pamoja na duru ya pili iwapo hakuna aliyefikia asilimia 40. Rais Nixon aliliunga mkono. Mwaka uliofuata lilikwama katika Seneti, ambako maseneta wa Kusini, Strom Thurmond na Sam Ervin wakiwa mbele, walilizuia kwa mjadala usio na kikomo. Leo marekebisho hayo yangehitaji theluthi mbili ya kila baraza na majimbo 38, na vyama viwili havikubaliani hata juu ya tatizo.

Ndipo ikabuniwa njia ya mkato. Kwa kuwa Katiba inaliachia kila jimbo namna ya kuwateua wajumbe, majimbo kadhaa yamefunga mapatano ya kumkabidhi wajumbe wao yule atakayeongoza kwa kura za nchi nzima, bila kujali nani ameongoza jimboni. Mapatano hayataanza kazi mpaka majimbo wanachama yafikishe wajumbe 270. Maryland ilikuwa ya kwanza mwaka 2007, na kufikia uchaguzi wa 2024 walikuwamo majimbo 17 na mji mkuu, jumla wajumbe 209. Ujanja ni mkubwa: hakuna hata neno moja la Katiba linaloguswa, na kanuni iliyoingizwa na mabunge ya majimbo inaondolewa na mabunge yaleyale.

Ugumu unakuja mapatano yanapojaribiwa na matokeo halisi. Hakuna jimbo hata moja katika hayo 17 ambalo jumla ya kura zake ilimpa Trump ushindi mwaka 2024. Lakini Trump ndiye aliyeongoza nchi nzima mwaka huo, kwa asilimia 49.8 dhidi ya 48.3 za Kamala Harris. Kama mapatano yangekuwa yameanza kazi, California, ambayo wapiga kura wake walimpa Harris ushindi wa zaidi ya kura milioni 3, ingelazimika kumkabidhi Trump wajumbe wake wote 54. Je, bunge la California lingetulia? Mapatano yanasema jimbo haliwezi kujitoa kwa manufaa ya uchaguzi husika katika miezi sita ya mwisho ya kipindi cha rais, lakini wataalamu wa sheria wanabishana kama masharti hayo yanaweza kulifunga bunge lisilotaka kufungwa, na kama mapatano yenyewe yanahitaji idhini ya Bunge la Washington. Ubishi huo utaishia Mahakama ya Juu, na huenda ukaishia huko katikati ya uchaguzi, wakati mbaya kuliko wote.

Kuna na jambo la idadi ya kutosha. Mapatano hayadai nusu ya kura. Anayeongoza tu anatosha, kama ilivyo kwa rais wa Tanzania tangu Katiba ilipobadilishwa mwaka 2000. Kenya ilichagua njia nyingine: tangu Katiba ya 2010 mgombea anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, la sivyo kuna duru ya pili. Sharti la kusambaza kura bila sharti la wingi Kenya ililijua uchungu wake mwaka 1992, pale Daniel arap Moi alipotimiza asilimia 25 katika mikoa mitano na kuchukua urais kwa asilimia 36 hivi ya kura. Majuma manane kabla yake, Bill Clinton alikuwa amepata asilimia 43 na wajumbe 370. Anayetaka rais anayekubalika kila pembe ya nchi ana mifano ya kuazima, na kwa upande huu Nairobi imefikiri zaidi kuliko Washington.

Katika mabishano haya yote, kila chama hupima mfumo kwa kuangalia uchaguzi uliopita. Wafuasi wa chama cha Republican wanaamini mfumo wa majimbo ni ngao yao, wakati mwaka 2004 kura 119,000 hivi za Ohio zingegeuka, John Kerry angekuwa rais huku Bush akiwa mbele kwa kura milioni 3 nchi nzima. Mwaka 2024 upendeleo ulikuwa karibu umekwisha kabisa: tofauti ya Pennsylvania, jimbo lililokamilisha 270, ilikuwa asilimia 1.7, na ya nchi nzima asilimia 1.5.

Mwaka huohuo uchaguzi ulitoa marudio ya kile kisa cha mwaka 1800. Huko Nebraska, eneo la Omaha limewahi kumpa mgombea wa Democratic mjumbe wake mmoja mwaka 2008 na 2020, ndani ya jimbo ambalo kwingine kote ni la Republican. Mwaka 2024 wakazi wake walichomeka mbele ya nyumba zao vibao vyeupe vyenye duara moja la buluu, bila neno lolote. Duara hilo lilikuwa na thamani yake: juu ya majimbo yaliyokuwa na uhakika kwake, Harris angeshinda Michigan, Wisconsin na Pennsylvania pamoja na mjumbe wa Omaha angefika 270 kamili, na bila mjumbe huyo 269. Viongozi wa Republican wakashinikiza Nebraska irudi kwenye kanuni ya mshindi kuchukua wote. Maine, ambako mjumbe mmoja humwendea Republican kwa njia hiyohiyo, ikajibu mwezi Aprili kupitia kiongozi wa wengi katika baraza lake kwamba Nebraska ikibadilisha, nayo itabidi ichukue hatua. Shinikizo lilirudi mwezi Septemba, wakati Maine ilikuwa imechelewa, kwa kuwa sheria zake za kawaida huchukua siku 90 baada ya kikao kufungwa kabla ya kuanza kutumika. Lilizimwa na mtu mmoja, Mike McDonnell, seneta wa jimbo kutoka Omaha, aliyekuwa amehamia chama cha Republican miezi michache tu kabla, na ambaye alikataa kubadilisha sheria majuma sita kabla ya kura.